Upepo wa Nkowe Usiolala Alfajiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kiwe kimepungua tangu msimu wa kupulizia mikorosho salfa uishe. Mimi huku Denmark sijambo, ila baridi imenikausha vidole mpaka kalamu inanisumbua.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani huipokea Salumu, na mwezi huu sikumwamini mtu. Kazi yangu unaijua. Kabla mtambo wa upepo haujajengwa, naujenga kwanza ndani ya kompyuta, naupulizia upepo wa mahali penyewe, naangalia mnara unavyotikisika na yale mapanga, kama ya panga boi la msikitini, yanavyopinda. Sasa hapa kazini wameniletea upepo wa Nkowe, uliopimwa na ule mlingoti wa shambani kwetu. Nikisema mtambo utasimama bila kuanguka, mikorosho aliyoipanda mama inakatwa kuupisha. Nawe ulishaniambia hutaki kuona shoka pale.

Nilipoufungua nikashtuka. Unavuma kwa nguvu alfajiri. Baba, miaka yote ulituamsha alfajiri kwenda kupulizia kwa kuwa saa hizo upepo umelala na salfa inatulia kwenye maua. Nikasema hawa wamechukua upepo wa kwingine wakaubandika jina la kwetu ili wapate shamba. Bosi akinichekea, namtazama mara mbili. Hata Salumu, mdogo wangu wa damu, nikamshuku, maana ndiye mlinzi wa mlingoti.

Juzi nikampigia, nikamzungusha kwa habari za Ruangwa mjini, kisha nikauliza kama kuna mtu aligusa kile kisanduku cha vipimo. Akajibu kwa majivuno:

"Nilikigusa mimi, dada. Saa yake mbovu. Asubuhi saa moja, yenyewe inasema saba. Nikairekebisha."

Nikahesabu saa kwa vidole, simu ikiwa sikioni. Wazungu hawa saa zao huanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua likichomoza. Salumu alirudisha saa nyuma, na upepo wa adhuhuri ukaandikwa alfajiri.

Nikazirudisha saa mahali pake. Alfajiri ikatulia, upepo ukawa wetu kweli. Nikauwasha mtambo upya, nikaupiga dhoruba, nikaongeza kuliko inavyotakiwa, nikaongeza tena. Mapanga yakapinda, yakarudi. Mnara ukasimama.

Hapo nikajishuku mwenyewe. Nilitaka uanguke, baba. Nilitamani wawe wezi, ili nisiwe mimi wa kukata mikorosho ya mama.

Nisalimie bibi wa Chiola na shangazi wa Kiegei. Salumu usimgombeze, ila mwambie saa ile asiiguse tena, hata akiiona inadanganya.

Ni mimi mwanao, ambaye wiki ijayo ataulizwa kama mtambo unasimama, na unasimama,

Zuhura