Jina la Baba Kwenye Majaribio

Dar es Salaam, 4 Mei 2025

Baba yangu Mtoro,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku litaniua. Huko dunguni, juu ya mpunga, ndege wanakuacha ulale? Na bibi Mwanaharusi, moyo wake unamsumbua bado?

Umeuliza jembe la kazi yangu ni lipi. Baba wee! Hapa shirika la bima kuna kompyuta kubwa ya zamani inayotunza habari za wateja wote. Programu ikibadilishwa, naijaribu mimi kwanza kabla haijawafikia. Nina kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, maagizo ya kukariri, programu ya kulinganisha majibu ya jana na ya leo, na watu wa kubuni: nawazalisha, nawaozesha, nawaua. Zaidi ya yote inatakiwa roho ya kushuku kila kitu.

Mtu wangu wa kwanza nimemwita Mtoro Ukasha, simu nimeweka ya mama. Nani anaanza kazi bila jina la mzazi? Nataka baraka.

Mwanao, Salama

Bondeni, 15 Mei 2025

Mwanangu Salama,

Marahaba. Ndege wa mwaka huu hawana adabu, naamia mpunga, nawafukuza kwa kelele tangu alfajiri mpaka sauti inakauka. Bibi yako yuko Mtawanya na mama yako, moyo umetulia kidogo, anadai samaki tu. Barua yako nimemsomea Huseni wa boti, kacheka, ati nina pacha ndani ya kompyuta. Mwambie huyo pacha asiwe mvivu.

Baba yako

Dar es Salaam, 29 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nimemtumia Huseni maneno haya kwenye simu, akuletee upesi, maana huko dunguni mtandao haufiki.

Leo nilijaribu sehemu ya vifo, nikamuua yule Mtoro wa kompyuta. Kabla ya kujaribu, njia ya kutuma ujumbe lazima ifungwe, na kuhakikisha ni kazi yangu. Sikuhakikisha. Mama kaletewa ujumbe wa pole kwa kifo cha mumewe. Simu zetu zinafungiwa mlangoni, ndiyo sheria ya chumba. Natoka jioni nakuta kanipigia mpaka kachoka. Namwambia uko hai, anasema namfariji tu. Bibi kaanguka. Ondoka sasa hivi, baba, wakuone kwa macho yao. Wallahi najuta.

Salama

Mtawanya, 3 Juni 2025

Mwanangu,

Hatujambo tuliobaki. Nilipoingia uani, wanawake wa matanga walinikimbia, mmoja kaacha kanga yake chini. Mama yako alikuwa keshakaa eda. Alinishika mikono, akaninusa kama anavyonuswa mtoto mchanga, ndipo akalia kwa sauti.

Bibi yako walikuwa wamemzika jana yake. Wanasema alikata roho akiniita, akijua anakuja kunikuta huko ahera.

Njoo nyumbani, usiogope. Watu wamesema mengi, hata mimi nilisema, sasa nimenyamaza. Radhi zangu unazo, mwanangu. Za bibi yako sina uwezo wa kukupa.

Baba yako