Kipande cha Ini

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. Natumai shemeji na wapwa zangu hawajambo, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi tunajikongoja. Chiriku bado yuko wodini, macho ya manjano na tumbo limejaa, ila mdomo wake haujaugua: jana alimwambia muuguzi kwamba sindano zake zingefaa kufumia masweta.

Mama yake anakushukuru hadi analia. Yeye ni mjamzito, hawezi kutoa, nami nilikwambia damu yangu imekataa, hailingani na ya mtoto. Ukajitolea kukatwa kipande cha ini umpe yeye kabla hatujamaliza kukuomba. Tangu hapo mke wangu ananibembeleza utadhani mgonjwa ni mimi. Amewaambia majirani wasinilaumu, Mungu hakupenda. Nakula chakula chake nimeinamisha kichwa.

Juzi, nikiwa nyuma ya pazia, nilimsikia Chiriku akimweleza mtoto wa kitanda cha pili kwamba shangazi atampa kipande cha ini kwa sababu la baba halikufaa, maana kama lingefaa, baba asingekubali mtu mwingine akatwe. Nilirudi buchani bila kumwona.

Dada, nilidanganya. Damu yangu haikukataa. Daktari alikuta nafaa, akaniuliza faraghani kama niko tayari, nikasema siwezi. Akasema hanilazimishi, na siri hiyo hatamwambia mtu. Habari ya damu niliitunga mwenyewe njiani. Kazi yangu unaijua. Ini nalishika kila asubuhi. Najua linavyoteleza, na kisu kikipotoka kidogo linavyochanika. Daktari alinieleza kwamba la mtu aliye hai hukatwa kwa uangalifu na linalobaki hukua tena. Nilimwitikia, huku najiona nimelala juu ya meza yangu mwenyewe. Pale buchani wananiita Simba. Naona aibu hata kuandika.

Leo asubuhi nimemwambia daktari kwamba nitatoa mimi. Kwa hiyo wewe hutakatwa. Lakini njoo, tafadhali, siku ile ile uliyopanga. Mke wangu nitamweleza jioni hii, na huenda asitake kuniona. Nahitaji mtu wa kukaa mlangoni pangu mpaka waje kunichukua, kwa sababu sasa najijua, Dada, naweza kutoroka tena.

Uwasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Baba Chiriku