Tulivyokuwa Tukihesabu Kimya Chako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ulinilea hivyo, kwamba sianzi maneno na mkubwa kabla sijamwamkia. Na leo maneno ninayo.

Unaikumbuka baraza ya duka lako pale Kondoa, wiki ya mwisho kabla ya Idi ya kuchinja, kanzu za watu zimerundikana mpaka juu ya cherehani? Ukishaswali adhuhuri ulikuwa unajinyoosha kwenye benchi, na kabla sijamaliza kushona vifungo vya kanzu moja umeshaanza kukoroma. Wateja walifurahi. Muuza kahawa wa jirani alisema anayekoroma hivyo ana roho safi. Halafu ghafla unanyamaza, kifua tuli, nasi tunaanza kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ukigutuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, baraza nzima inaangua kicheko, na aliyekisia namba ya karibu zaidi ananunuliwa kahawa. Nilishinda mara nyingi mimi. Mwenyewe ulikuwa ukiamka unauliza, "Haya, leo nimefika ngapi?"

Kisha unarudi kwenye kazi umechoka kuliko ulipolala. Siku moja ulisinzia mguu ukiwa bado kwenye pedeli, sindano ikapita kidoleni. Mama alikufunga kitambaa huku akinung'unika, "Idi hizi zitakumaliza, mume wangu." Basi sote tukailaumu Idi.

Sasa nisikilize. Nina miaka hamsini na mbili, niko Dodoma, nafanya kazi ya masijala, na mwili umeongezeka. Kwa muda mrefu nilikuwa nasinzia vikaoni na kuamka na kichwa kizito. Kukoroma nako nilikuficha. Mwanamke kukoroma, Baba! Tukisafiri kikazi nilikuwa radhi kulala chumba kibovu, mradi nilale peke yangu. Asubuhi moja mume wangu akaniambia, wala hakucheka, "Mama Nasra, ulikata pumzi. Nimehesabu mpaka ishirini." Mchezo ule naujua. Niliogopa, Baba, kwa sababu Nasra bado anasoma na mimi bado nautaka uzee wangu.

Nikaenda hospitali. Nesi, binti mdogo mwenye adabu, aliniamkia kisha akasema, "Mama, maswali haya hayasemi unaumwa. Yanatuonyesha tu kama kuna haja ya kukupima." Nakoroma? Ndiyo. Nasinzia mchana? Ndiyo. Presha? Ninayo. Akanizungushia futi shingoni kupima unene wake, nikamwambia ameilegeza mno, namba hiyo ni ya uongo. Akacheka, akapima upya. Kazi ile wewe usingeivumilia.

Halafu akauliza, "Kwenye familia kuna mwingine mwenye shida hii?" Nilifungua mdomo niseme hakuna, maana kwetu siku zote tulisema fundi anajua kulala. Ndipo nikakuona kwenye benchi, na sisi tunahesabu. Nililia pale pale, nesi akaweka kalamu chini akanisubiri.

Nimepimwa nikiwa usingizini, na ugonjwa huo wa kukata pumzi ninao. Daktari hakusema ndio uliokuondoa, wala mimi sitasema. Sasa nalala na mashine inayonipulizia hewa, kinyago usoni. Mume wangu ananiita rubani. Naamka kabla ya adhana, kichwa chepesi, nina hamu ya chai na ya kuongea. Jana kwenye kikao nilisikia kila kitu, hata yale ambayo ningependa kuyakosa. Nina furaha, Baba, sikufichi. Na Rajabu, mdogo wangu, aliyerithi cherehani yako na mkoromo wako, anakuja wiki hii kupimwa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimkatia tiketi ya basi na kumwambia wifi yangu amtoe nyumbani.

Kinachonichoma ni kimoja tu. Miaka yote ile tuliamini hakuna anayelala vizuri kama wewe. Kumbe ndani ya nyumba nzima tuliokuwa tunalala ni sisi, na wewe ulikuwa unapigania pumzi katikati ya watu wanaokupenda. Nisamehe kicheko changu.

Pumzika, Baba.

Binti yako wa kwanza, aliyekushonea vifungo