Amri ya Lugha Moja

Umoja, 6 Januari 2025

Kwako Mami,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua asubuhi. U hali gani, na Tiffany je? Simu zangu hushiki, kwa hivyo nimempa Shirleen wa kanisani barua hii akuletee.

Nina habari njema. Ndugu yako Bedan amepangiwa kazi Uingereza miaka mitatu, ofisi ileile ya jeshi niliyofanyia mimi. Hana mtoto, na yuko tayari kumwandikisha mwanao kama wake. Tiffany atasoma huko kama ulivyosoma wewe. Kinachotakiwa ni sahihi yako kwenye fomu hii kabla ya mwisho wa Mei. Nafasi kama hii wengine wanaiombea kwa kufunga.

Ni mimi baba yako.

Mtaa wa Lucky Summer, 19 Januari

Baba,

Sisi tu wazima. Pole na goti.

Fomu nimeirudisha bila sahihi. Umesahau, au unajifanya? Nilikuwa na miaka sita tulipoenda. Mwanzoni nilifurahia theluji na chipsi za siki. Kisha jioni moja ukabandika karatasi mlangoni pa friji, imepigwa mistari kwa rula kama tangazo la kambini: humu ndani Kiingereza tu. Neno moja la Kikuyu likiniponyoka, nasimama wima mlangoni, mkoba mgongoni, hadi uniruhusu. Mama, Mungu amrehemu, Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Basi akanyamaza. Alikuwa akinivuta bafuni, anafungua bomba, ananiambia mambo yake ya moyoni kelele ya maji ikiwa juu. Nami nilimjibu kwa Kiingereza, Baba. Bafuni!

Tuliporudi baada ya miaka mitano, cucu, bibi yangu, alikuwa mahututi kitandani, kijijini Gatanga. Alinishika mkono akasema maneno marefu. Sikuelewa hata moja. Alizikwa wiki hiyo. Unaniita Mami kwa sababu nilipewa jina lake, jina la mama yako, na bado ukaninyima maneno yake ya mwisho. Nina hasira, na sitaki kuificha.

Warigia

Umoja, 2 Februari

Warigia,

Goti limepata nafuu. Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Kiingereza unachokilaani ndicho kilichokupa kazi ya bima. Hukulala njaa, hukupigwa. Mambo ya mama yako niachie mimi.

Shule zikifungwa Aprili, Tiffany aje kwangu kama kila mwaka. Au hilo nalo utaninyima?

Baba yako

Lucky Summer, 28 Aprili

Baba,

Leo sikuulizi hali.

Tiffany alirudi Jumamosi. Mtoto huyu huingia kwa fujo, akidai chakula kwa lugha yao ya vijana, "Niaje mathe, kuna nini ya kudishi?" nami humgombeza huku nacheka. Safari hii alisimama kizingitini, mikono ubavuni, akaomba ruhusa ya kuongea, kwa Kiingereza. Nikamwuliza kuna nini. Akaanza kulia. Wiki mbili tu, Baba! Ameniambia umebandika karatasi nyingine hapo Umoja. Na mkobani mwake nimekuta picha za pasipoti ulizompeleka kupigwa Eastleigh bila kuniuliza. Nimezichana zote.

Mtu hawi hivi bure. Nani alikutuma utufanyie haya? Hadi unijibu, hutamwona mjukuu wako.

Warigia

Umoja, 1 Juni

Mami,

Natumaini mko salama. Mimi sijambo, ila silali vizuri.

Uliuliza nani alinituma. Muhula ule wa kwanza kule Uingereza, siku ya wazazi, nilivaa suti niliyooa nayo nikaja shuleni kwako. Nilipomsalimia mwalimu, Kiingereza changu kilikwama, watoto wakacheka. Mwalimu akakuuliza mimi ni nani. Ukasema mimi ni dereva wenu. Nilirudi nikakaa ndani ya gari hadi mkutano ukaisha, na jioni hiyo nikaandika ile karatasi. Nilitaka asitokee mtu wa kuicheka nyumba yangu tena.

Mama yako sikumwambia. Nilikukasirikia wewe, mtoto mdogo, miaka hii yote, na nisikudanganye, haijaisha yote. Lakini Tiffany hakuniambia neno baya hata siku moja, na bado nilimsimamisha mlangoni. Mei imepita. Nimemwambia Bedan aende peke yake.

Baba yako

Lucky Summer, 9 Juni

Baba,

Hujambo? Tiffany hajambo, fujo zake zimeanza kurudi.

Nilisema. Nakumbuka. Nilikuwa mdogo lakini nilijua vizuri ninachosema, niliona aibu. Ungenichapa siku hiyo yakaisha. Badala yake uliniadhibu miaka mitano, ukamwadhibu Mama ambaye hakukukosea lolote, kisha ukaanza na mtoto wangu. Kwa lile neno nisamehe. Ya Mama sijakusamehe, na sijui lini.

Tiffany hatakuja Agosti. Nitakuja mimi, Jumapili baada ya ibada. Uniambie kwa Kikuyu yale uliyotaka kuniambia siku ile ukiwa ndani ya gari. Useme polepole, maana nitakuwa nikikuuliza maneno.

Binti yako, Warigia