Nzuri Kweli?

Mdogo wangu kipenzi,

Huku wote wazima, mama anakusalimu, na paka wako amezaa tena juu ya shuka zangu safi. Sasa sikia ucheke.

Amekuja mtafiti kutoka mbali, anapima msongo wa kazi kwa wauguzi wa nchi mbalimbali. Alitusimamisha mlangoni mwa wodi, mabeseni mikononi: "Kazi inakulemea?" Sote tukajibu, "Aa, salama tu." Jioni akatutangazia kwamba hajapata kuona wauguzi wenye raha kama sisi! Tulicheka mpaka wagonjwa wakauliza kulikoni.

Kesho yake akaketi nasi kwenye chai. "Habari za kazi?" "Nzuri." Akamega mkate, akauliza tena taratibu, "Nzuri kweli?" Weee! Maneno yakatumwagika kama bomba limepasuka. Hata mimi nilimsimulia yule mtoto aliyenifia mikononi juzi. Nikalia, nikanawa uso, nikarudi wodini mwepesi.

Na wewe, muuguzi mwenzangu huko ugenini, kila nikikupigia simu unajibu "salama tu." Haya, nimeshaketi, chai ninayo. Salama kweli?

Dada yako asiye na haraka.