Kikao Kuhusu Mbwa wa Darini

CHAMA CHA WAOTESHA RUWAZA, HOBART
Kikao cha Jumamosi, 14 Juni 2025, gereji ya Mwenyekiti, Moonah, kuanzia saa 11:10 jioni

WALIOHUDHURIA
Alistair Pybus – Mwenyekiti
Rhonda Febey – Mjumbe
Teuila Faleafa – Mjumbe, msimamizi wa soseji
Colin Duggan – Katibu, mpishi wa meli mstaafu, mtu wa bandari nyingi

ALIYETOA UDHURU
Gus Whelan – mafua. Alionekana kwenye mpira.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kulalamikia baridi. Katibu alieleza kwamba hiyo si baridi. Baridi iko Murmansk, ambako supu yake iliganda ikiwa bado kwenye mwiko. Mwenyekiti alisema twende kwenye ajenda.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilithibitishwa. Mwenyekiti aliomba neno "alinuna" lifutwe na mahali pake pawekwe "alitafakari". Lilifutwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: DARI YA NYUMBA YA WAZEE
3.1 Kwa faida ya Gus: nyumba ya wazee ya Tern Bay ilituomba mwanga wa maji unaotembea darini, kwa ajili ya wazee wasioinuka kitandani. Rhonda alitengeneza wa kwanza, ukawekwa pale kwa muda huku ukisubiri kipimo. Kama kazi zetu zote, haukutokana na picha ya maji yoyote ya kweli. Kompyuta hupewa namba moja, tunayoiita mbegu, nayo huotesha kutoka hapo madoa yasiyo na mpango, yanavimba, yanayeyuka, yanapishana, mpaka jicho lenyewe likubali kwamba ni maji. Maji ya Rhonda yalikuwa yakifika mwisho yanaanza upya.

3.2 Mwenyekiti alieleza kwamba kujirudia ndiyo aibu kubwa ya fani hii, na ndiyo maana tuna kipimo cha soseji: ruwaza humulikwa kwenye mlango wa gereji wakati soseji zinachomwa uani, na mjumbe yeyote akinyoosha kidole kusema "lile nimeshaliona" kabla hazijaiva, kazi inarudishwa kwa mwenyewe. Kazi ya Rhonda ilianguka mwezi wa Aprili. Kwa hiyo Mwenyekiti alikwenda Tern Bay akaweka ya kwake, isiyojirudia hata ukiitazama mpaka ufe. Katibu alishauri maneno hayo ya mwisho yasitumike kuhusu nyumba ya wazee. Ushauri ulipokelewa.

3.3 Rhonda alisema mama yake, Bi Dot, yuko chumba cha mwisho pale Tern Bay, na tangu maji yabadilishwe hali chakula vizuri. Anawauliza wauguzi mbwa kaenda wapi. Rhonda aliulizwa mbwa gani. Alieleza kwamba katika maji yake kulikuwa na doa moja jeupe, lenye masikio, lililokuwa likipita kutoka upande wa dirisha kwenda mlangoni. Hakulichora, liliota lenyewe. Bi Dot alilipa jina Biscuit, jina la mbwa wake wa zamani wa shambani Huonville. Mwaka huu ni upi hajui, lakini alijua Biscuit atarudi, na kila akipita mama alikubali kijiko kimoja.

3.4 Mwenyekiti alisema anasikitika, ila chama hakiwezi kupeleka kazi iliyoanguka kipimo. Teuila alimuuliza, "Al, hapa unamlinda nani? Yule mama, au jina lako?" Mwenyekiti alijibu kwamba analinda ubora. Rhonda alisema, "Huo ubora wako hauna kitu cha kusubiri, Al. Na mama yangu kazi iliyombakia ni hiyo tu, kusubiri."

Katibu alieleza kwamba yeye ameshatazama bahari zote za maana, na ni kweli hazijirudii, na ndiyo maana baharia hubandika picha ya nyumbani juu ya kitanda chake. Hakuna aliyecheka, na safari hii Katibu hakuwa anatania.

3.5 Mwenyekiti alitafakari (kweli). Aliuliza kama mbegu ya Rhonda bado ipo. Rhonda aliitaja kutoka kichwani. Mwenyekiti aliketi kwenye kompyuta, akayaacha maji yake yaendelee bila kujirudia, akaotesha ndani yake doa la Rhonda peke yake, liwe linakwenda na kurudi. Lilipopita mara ya kwanza Rhonda alimgusa bega. "Polepole, Al. Ni mbwa mzee huyo."

KUMB. NA. 4/6/2025: KIPIMO
Ruwaza ilimulikwa mlangoni, na Teuila akawasha moto. Doa lilipita. Lilipojitokeza tena wajumbe wote walinyoosha kidole, Mwenyekiti akiwa wa kwanza. Kwa kanuni yetu, kazi ilianguka. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kuwa imefaulu. Katibu aliuliza, imefaulu kwa kanuni ipi. Mwenyekiti alisema, "Wewe andika tu, Col." Imefaulu.

Soseji ziliungua. Zililiwa na mchuzi mwingi wa nyanya.

KUMB. NA. 5/6/2025: AZIMIO
Rhonda na Mwenyekiti waende Tern Bay kesho, waweke maji mapya kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti aliomba aruhusiwe kubaki chumbani kwa Bi Dot mpaka sahani iishe. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 6/6/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao saa 1:25 usiku na kuagiza projekta izimwe. Hakuna aliyeinuka kuizima, naye pia hakuinuka. Mbwa alikuwa bado hajapita tena.

A. Pybus, Mwenyekiti ....................
C. Duggan, Katibu ....................