Baba, Ulinisemea kwa Bwana wa Stesheni

Mpendwa baba,

Huko uliko usinicheke. Kesho naitwa stesheni ya Dodoma kuulizwa maswali. Nyapara wetu wa wapanga kuni za garimoshi amerudi kwao, na Bwana wa stesheni anatafuta mwingine. Nimekaa najifunza kujibu, nikakukumbuka.

Unakumbuka uliponipeleka hapo stesheni kuomba kazi mara ya kwanza? Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu, tukila mlenda bila ugali. Nilitaka kwenda peke yangu, ukakataa katakata. Kwetu kijana hajisifu mbele ya wakubwa; husemewa na mzee wake, kama wakati wa kuposa. Basi ukajifunga kaniki safi, ukabeba kibuyu cha maziwa ulichokopa kwa jirani, tukaongozana.

Ulichuchumaa mlangoni pa Bwana, yule Mzungu, ukaanza salamu: mama yake Mzungu hajambo, ng'ombe wao je, mvua imenyesha? Mkalimani, mtu wa pwani, alitafsiri huku akijiuma midomo. Bwana akajibu kwamba kwao hunyesha mwaka mzima.

"Sasa huku amefuata nini?" ukauliza. Hilo mkalimani alilimeza.

Kisha nikaulizwa naweza kazi gani. Nikatazama chini kama ulivyonilea, nikakuachia wewe.

"Huyu mwanangu ni mzito wa kuamka," ulisema, "na akikasirika hununa siku nzima. Ila hajawahi kupoteza ndama, na kusema uongo hajui."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe Bwana alikuwa ameshinda akisikiliza watu wanaojisifu. Akacheka, akaniambia nianze siku ileile, na mwezi ule tukala ugali.

Tangu hapo nimejua mengi. Nasimama wima, nasema Kiswahili mwenyewe, na namtazama Mzungu usoni, maana ukitazama chini hudhani unaficha jambo. Wenzangu wananishauri niseme mimi ni hodari kuwapita wote. Nimejaribu, ulimi unakataa. Na kazi hii naihitaji, baba. Mvua imetutupa tena mwaka huu, na watoto wananitazama mimi. Nakukumbuka sana.

Jioni hii mama amenikuta ndani ya nyumba yetu ya tembe, najisifu mbele ya ukuta. Ametua chungu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho twende wote," amesema. "Baba yako alitaja kasoro mbili tu. Mimi ndiye niliyekuzaa, nazijua zote."

Pumzika salama, baba. Nitakwenda naye.

Ni mimi mwanao,
Ndahani